Reli ya Manyoni, Mtandio wa Istanbul na Cheti cha Ndoa



Kila msimu wa harusi tunaulizwa mtandio wa Kituruki unafungwaje. Leo tuuweke mtandio pembeni kidogo, tuijue nchi ulikotoka, kwa sababu Waturuki si watu wa kwenye tamthilia tu tena. Huko bara, mkoani Singida, kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki ndiyo iliyopewa kazi ya kujenga reli ya kisasa, kutoka Morogoro hadi Makutupora, na kutoka hapo kupitia Manyoni na Itigi hadi Tabora. Majirani wakiwa wageni, ni vyema tuwajue.

Jina la Uturuki lilipita njia hiyo zamani pia. Reli ya kwanza ya Manyoni ilijengwa na Wajerumani, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwaka huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza. Sultani wa Istanbul, aliyehesabiwa khalifa wa Waislamu, alikuwa upande wa Wajerumani na akatangaza jihadi dhidi ya Waingereza na wenzao. Wajerumani wakaueneza wito huo kwa Waislamu wa bara. Huku kwetu Unguja, Sayyid Khalifa bin Harub alisimama na Waingereza na kuwataka Waislamu wafanye vivyo hivyo. Dini moja, na kila upande uliambiwa dini iko kwake.

Istanbul ilishindwa vitani. Mustafa Kemal, aliyekuja kuitwa Atatürk, aliongoza mapambano ya kuikomboa nchi, na jamhuri ikatangazwa tarehe 29 Oktoba 1923. Miezi michache baadaye, tarehe 3 Machi 1924, bunge la Ankara liliufuta ukhalifa. Yaliyofuata yalikwenda mbio: 1925 wanaume walikatazwa tarbushi, 1928 herufi za Kiarabu zikaachwa, na kuanzia 1932 hadi 1950 adhana ilisomwa kwa Kituruki. Tuseme na la haki: mwaka 1934 wanawake walipata kura ya bunge, kabla ya wenzao wa Ufaransa.

Lakini taifa likitaka kuonekana jipya, mara nyingi huanza na kichwa cha mwanamke. Baada ya mapinduzi ya 1980, marufuku ya mtandio vyuoni na maofisini ilikazwa. Mwaka 1999 Merve Kavakçı, aliyechaguliwa na wananchi, aliingia bungeni na mtandio wake, akapigiwa kelele na hakuapishwa. Vyuo vililegeza kuanzia 2010. Mwaka 2013 watumishi wengi wa serikali waliruhusiwa, na Oktoba ya mwaka huo wabunge wanne waliingia bungeni wakiwa wamejisitiri. Kwa hiyo mtandio tunaoupenda kwa rangi na hariri yake, wako wanawake walioulipia kwa masomo na kazi zao.

Sasa lile linalomgusa bibi harusi. Mwaka 1926 Uturuki ilichukua sheria ya familia kwa mfano wa Uswisi. Tangu hapo serikali hutambua ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wake. Nikaha ya imamu peke yake haimpi mwanamke haki za mke mbele ya sheria, hata urithi wa mumewe. Mwaka 2017 mamufti waliruhusiwa nao kufungisha ndoa ya kiserikali, lakini usajili ulibaki palepale. Kwetu mambo ni tofauti: Sheria ya Ndoa ya 1971 huko bara inaitambua ndoa ya Kiislamu, na Zanzibar tuna makadhi wetu.

Basi binti wa Manyoni au wa Mkunazini akiposwa na Mturuki, mahari na walii vikishakaa sawa, wazee wake waulize na hili: ndoa itasajiliwa wapi, na je, itatambuliwa kwao? Kuuliza hivyo si kumdhania mtu vibaya. Ni kumhifadhi binti na watoto atakaojaaliwa, na hilo ni katika amana.

Mwenyezi Mungu awape mabibi harusi wetu waume wema na nyumba zenye utulivu. Amin.