Gari la Vita Nyuma ya Karakana

Mhariri ameniomba niandike habari za lile lori bovu la nyuma ya karakana: lilikotoka, na jinsi lilivyofufuka. Nimekubali kwa moyo mzito kidogo, kwa sababu katika habari hii mimi si msimulizi tu, ni mshtakiwa pia.

Nilisoma hapa Kilosa kati ya 1995 na 1998. Wakati huo lori lilikwisha kaa chini ya mwembe miaka mingi, halina matairi, sakafu imeliwa na kutu, na kuku wa mlinzi walitagia kwenye kiti cha dereva. Wengi wetu tulikariri masomo ya mtihani tukiwa tumekaa juu ya chesisi yake. Pua yake ilikuwa fupi kama imepigwa ngumi, na kioo cha mbele kilikuwa kimeinama kuelekea mbele kwa upande wa juu, kinyume cha magari yote tuliyoyajua. Tulidhani limepinda kwa ajali.

Kumbe lilitengenezwa hivyo kwa makusudi. Katika Vita Kuu ya Pili viwanda vya Ford na Chevrolet nchini Kanada viliunda malori ya jeshi ya namna moja, zaidi ya 400,000, kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na makoloni yake. Bodi ya mbele ilikuwa ya aina moja kwa viwanda vyote viwili, lakini injini zilitofautiana. Ford lilikuwa na silinda nane zilizokaa mfano wa herufi V; Chevrolet lilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja. La kwetu lina sita. Kioo kile kiliinamishwa kuanzia yapata mwaka 1942 ili mng'ao wa jua usionekane na ndege za adui. Kwa hiyo hata bila hati yoyote, chuma chenyewe kinasema: mimi ni Chevrolet la Kanada, nilizaliwa katikati ya vita.

Vijana wafahamu kwamba vita ile haikuwa habari ya Wazungu peke yao. Watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Bukini mwaka 1942 na baadaye Burma. Wengine hawakupewa bunduki bali usukani, katika kikosi cha uchukuzi cha Afrika Mashariki. Tofauti na vita ya kwanza ni kubwa. Waingereza walipoiingia Kilosa tarehe 22 Agosti 1916, sehemu kubwa ya mzigo wa majeshi yote ilikuwa vichwani mwa wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Katika vita ya pili lori lilichukua nafasi ya kichwa cha mtu, na mwana wa mpagazi akawa dereva.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, mali ya jeshi iliyobaki iliuzwa. Hapo ndipo unaingia mradi mkubwa uliopita mbele ya stesheni yetu. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga Afrika Mashariki ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akaongoza ujumbe wa kuchunguza. Wakapendekeza ekari 3,210,000 zilimwe kwa mashine katika muda wa miaka sita. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947.

Mashine mpya hazikupatikana, maana dunia nzima ilikuwa inazitaka. Basi wakanunua za vita, zilizokwisha tumika. Matingatinga ya jeshi la Marekani yalitolewa hata Ufilipino. Baadaye kiwanda cha Vickers kule Uingereza kilichukua vifaru vya Sherman, kikaviondolea mizinga na kuvigeuza matrekta. Vyuma hivyo vilishushwa bandarini Dar es Salaam, vikapakiwa kwenye reli ya njia moja, vikapita Morogoro, vikapita hapa Kilosa, vikapanda bonde la Mkondoa hadi Msagali, na toka huko hadi Kongwa.

Mwaka ule wa 1947 haukwisha vizuri. Mto Kinyasungwe, ambao maji yake ndiyo yanayoshuka kuwa Mkondoa wetu, ulifurika na kuikata njia. Septemba makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea kando ya reli hadi Kongwa kwenyewe. Matingatinga yalikutana na mibuyu, na ndani ya mibuyu wakakutana na nyuki. Kabla ya mwaka kwisha, kiasi cha theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Mvua ilipokatika, udongo wa Kongwa uligeuka kama saruji, karanga zikakwama ndani yake. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi umekufa, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Tulipokuwa shuleni tulicheka habari hii, tukasema Wazungu walinunua vyuma chakavu. Leo sisemi hivyo. Kosa halikuwa kununua mashine kuukuu. Kosa lilikuwa kununua mashine kabla ya kuwa na spea, kabla karakana haijawa tayari, kabla mafundi hawajafunzwa, na kabla ya kuijua mvua na udongo wa mahali penyewe. Haya nimeyaelewa si kwa kusoma tu, bali kwa kuchafuka grisi.

Miaka michache iliyopita, kwenye mkutano wa chama chetu, ililetwa hoja kwamba lori liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha zitengeneze madawati. Mhazini wetu aliuliza swali zito: "Mtoto akalie kutu au akalie dawati?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikasimama nikakiri jambo nililolificha tangu utoto. Mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili, mimi na wenzangu wawili tulifungua kwa spana kibao cha shaba kilichokuwa ndani ya lori. Kibao hicho kilichongwa namba ya gari na mwaka wake. Tulikiuza kwa mnunuzi aliyepita na mkokoteni, tukanunua maandazi, tukayamaliza kabla ya kengele ya jioni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulilila daftari lenyewe.

Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza. Tukakubaliana mambo mawili: madawati yachangiwe na kila mmoja wetu bila kungoja lori, na lori lifufuliwe kwa michango ya wanaopenda, kazi ifanywe na wanafunzi chini ya fundi.

Fundi tuliyempata ni mzee aliyestaafu gereji ya shamba la mkonge. Nilipomwamkia, "Shikamoo, Mzee," aliitikia huku amekwisha inama chini ya chesisi. Alizunguka mara tatu, akagonga hapa na pale kwa nyundo ndogo, akasema: "Mwanangu, aliyeliunda gari hili alijua kwamba atakayelifungua yuko porini na hana vifaa. Tazama, bolti zote mkono unafika."

Injini ilikuwa imekwama. Tuliijaza mafuta ya taa na oili kwenye silinda, tukangoja wiki tatu, kila siku vijana wakijaribu kuizungusha kwa mkono. Siku ilipocheza nusu inchi, shule nzima ilisikia kelele. Springi za nyuma tulizipata Mikumi, kwa mafundi wa barabara kuu wanaofungua malori yaliyopata ajali. Rimu mbili zilitoka Kimamba, zilikokuwa zimefanywa maboma ya kunyweshea mbuzi. Mwenye mbuzi alitaka ndoo mbili mpya, akapewa. Beringi zilitufunza jambo: kila beringi ina namba iliyopigwa kwenye chuma, na namba ile ile ingali inatengenezwa hata leo. Tulikwenda duka la Morogoro na namba kwenye karatasi, tukarudi na beringi. Gasketi tulikata wenyewe. Pampu ya breki ilitoka kwenye Bedford, fundi akakereza bushi ili ikae.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alifungua daftari, akaandika kila kitu: kipi ni cha asili, kipi kimetoka wapi, nani amekifunga. Sikumwagiza. Nilipoona daftari lile nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe kwa muda.

Siku ya majaribio tulielekea Mikumi. Tulipita Zombo, tukafika Ulaya, ile Ulaya yetu ya wilaya ya Kilosa, na hapo redieta ikachemka. Wanakijiji walituletea maji, na mzee mmoja akauliza kama vita imerudi. Tuliingia Mikumi jua likizama, mwendo wa baiskeli, malori ya Zambia yakitupita na kutupigia honi. Vijana nyuma waliimba hadi sauti zikakauka. Mhazini naye alikuwa nyuma pamoja nao, amejaa vumbi. Hakusema neno juu ya kutu.

Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kwenda Dodoma, na reli ile ya zamani, iliyokatwa tena na mafuriko ya mwanzo wa 2010, inaonekana kama kamba iliyosahauliwa. Yatakuja mengine makubwa, na hayo ni mema. Ninachowaomba vijana ni kwamba kila mashine inapoletwa kwenu, ulizeni mapema: spea ziko wapi, fundi ni nani, na daftari liko kwa nani?

Limebaki suala la kibao. Wengine walitaka kutengeneza kipya cha shaba chenye namba ya kubuni, ili lori lionekane kamili. Mzee fundi alikataa, na mimi nilimuunga mkono. Karakana ya shule imechonga kibao cha bati, na mnaokuja kwenye mkutano wa mwaka huu mtakisoma ndani ya mlango wa dereva. Kimeandikwa hivi: "Lori la jeshi, Chevrolet, Kanada, wakati wa vita ya 1939–1945. Limefufuliwa na wanafunzi, Kilosa. Kibao cha asili kiliuzwa na wanafunzi, 1996."

Mstari wa mwisho niliuchonga mwenyewe.