Chemli Inayovuka Mipaka

Abiria haruhusiwi kupanda ndege na moto. Hata hivyo, karibu kila mwaka kabla ya Krismasi mwali mdogo husafiri kwa ndege kwenda Vienna, ukiwa ndani ya taa iliyoundwa mahususi isiweze kuleta mlipuko. Umetoka Bethlehemu, katika pango ambamo Wakristo huamini Yesu alizaliwa, na kwa desturi aliyeuwasha ni mtoto kutoka jimbo la Upper Austria. Huitwa Nuru ya Amani.

Skauti ndio wanaousambaza, lakini hawakuubuni. Ulianza mwaka 1986 katika studio ya shirika la utangazaji la Austria, ORF, mjini Linz, kama shukrani kwa watu waliochangia kampeni ya kuwasaidia watoto wenye ulemavu. Ungeweza kubaki kipindi cha Krismasi tu, cha kutazamwa na kusahaulika. Mwaka 1989 skauti wa Vienna wakaingia, na mwaka huohuo Ukuta wa Berlin ukaanguka. Vijana waliokulia upande huu wa waya uliogawa Ulaya na wale wa upande wa pili wakawa sasa na kitu cha kupeana mkononi.

Kwa macho yangu, Poland ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kazi hii. Tangu mwaka 1991 skauti wa huko wamekuwa wakiupokea mwali kwa wenzao wa Slovakia, kisha wao nao kuupeleka mbele: Lithuania, Ukraine, na kwa miaka kadhaa Belarus na hata Urusi. Hizi ni nchi zenye madeni mazito ya kihistoria baina yao. Anayeikabidhi taa pengine ni binti wa miaka kumi na mitano mwenye skafu shingoni.

Sisi tuliozoea Mwenge wa Uhuru wa Tanzania, unaobaki mmoja tangu kuwashwa hadi kilele cha mbio, hapa tunakuta utaratibu mwingine. Baada ya ibada ya kuwakabidhi skauti huko Austria, mwali hugawanyika. Kila ujumbe hurudi kwao na wake, wengine kwa treni. Mwenye busara hubeba taa zaidi ya moja: chemli hii ikizimika, huwashwa kwa ile. Ukitoa kibiriti mfukoni, huo si moto wa Bethlehemu tena.

Mwaka 2001 mwali ulivuka Atlantiki hadi New York, mji uliokuwa bado na vumbi la mashambulizi ya Septemba. Mwaka 2020 korona ilifunga safari, mtoto wa Austria asiweze kwenda. Akauwasha mtoto mwenyeji wa Bethlehemu. Safari hiyo, kwa sababu ya janga la dunia nzima, nafasi iliwaendea wenyeji wa mji huo.

Tarehe 24 Desemba, katika vituo vya reli vya Austria, watu hupita na taa zao za mkononi, wakawasha, wakaukinga mwali kwa kiganja, wakaelekea nyumbani.