Parseli Kwanza, Darasa Baadaye: Upimaji wa Viwanja na Nafasi za Shule Kisangani

Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya jiji la Kisangani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na raia zaidi ya 760 wakauawa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja kutathmini hasara ulihesabu nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa au kuharibiwa, na shule 69 zilizopigwa makombora. Nyumba na shule zilikaa katika hesabu moja. Tangu hapo mji umetanuka kwa kufuata barabara ya Buta, barabara ya Ituri, na ng'ambo ya mto huko Lubunga, lakini hesabu hiyo imegawanyika. Parseli, yaani viwanja vya nyumba, ni kazi ya kadastri (ofisi ya upimaji wa ardhi) na ya machifu wenye ardhi. Watoto ni kazi ya wizara ya elimu na ya makanisa. Katika utendaji wa kila siku hakuna mahali ambapo pande hizi mbili hulazimika kukutana kabla vigingi havijagongwa.

Makala haya yanatetea kanuni moja: idadi ya nafasi za shule ihesabiwe na kudaiwa wakati ardhi inapokatwa viwanja, na idaiwe kwa anayeikata. Asidaiwe anayejenga nyumba yake.

Haja yenyewe haina ubishi. Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, inayoifanya elimu ya msingi katika shule za umma kuwa ya lazima na ya bure. Watoto waliokuwa wamezuiwa na ada wakaingia kwa wingi, lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ingia darasa lililojaa, zamu ya mchana: dawati la wawili limebeba wanne, wa pembeni ameweka daftari gotini, na mwalimu hana pa kupita kati ya safu ili aone nani amekosea. Mpango wa serikali wa maendeleo ya teritwari 145 ulikusudia, pamoja na mengine, kujenga shule, na teritwari saba za mkoa wetu wa Tshopo zimo, kuanzia Bafwasende hadi Yahuma. Jiji la Kisangani si teritwari, kwa hiyo halimo.

Kwingineko jibu limekuwa kufunga mlango. Wilaya ya Montgomery, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, ilipitisha mwaka 1973 sheria iliyofungamanisha idhini ya ujenzi na uwezo wa huduma za umma. Baadaye, shule za eneo fulani zilipozidi kiwango kilichowekwa, idhini za makazi mapya zilisimamishwa. Novemba 2020 baraza la wilaya liliuondoa usimamishaji huo na kuweka malipo ya ziada. Wapinzani wake walikuwa wameonyesha kwamba wanafunzi wengi walioongezeka walitoka katika nyumba za zamani zilizobadilisha wenyeji. Jimbo la California lilikwisha kuamua tangu 1998 kwamba uhaba wa madarasa usiwe sababu ya kukataa mradi wa nyumba, bali mjenzi alipe tozo. Kumbe hata penye ofisi zenye nguvu, kuzuia nyumba hakukuleta madarasa.

Kisangani madhara yangekuwa makubwa zaidi, kwa sababu hapa nyumba haisubiri kibali. Familia hununua parseli kwa karatasi iliyotiwa saini mbele ya mashahidi na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), hufyatua matofali, huezeka, huhamia. Kibali kikija huja miaka baadaye. Ukimwambia baba wa watoto watano kwamba hana ruhusa ya kujenga kwa kuwa shule imejaa, atajenga, na atakuwa ameongezewa mlango mmoja wa kutoa rushwa. Adhabu imemwangukia asiye na kosa. Aliyekata shamba vipande mia nne bila kuacha hata kimoja cha shule ameshaondoka na fedha.

Basi hesabu ifanyike mapema, juu ya kitu kinachoonekana. Congo haijafanya sensa tangu 1984, kwa hiyo kanuni inayotegemea idadi ya wakazi ingejengwa juu ya makisio. Lakini parseli zinahesabika kwenye mchoro wa mpimaji. Tuchukue mfano: parseli 400, kila moja na watoto wawili wa umri wa shule ya msingi, ni watoto 800; kwa wanafunzi 50 darasani yanahitajika madarasa 16, au vyumba vinane kwa zamu mbili. Eneo la kutosha vyumba hivyo, vyoo na uwanja wa kuchezea ndilo lingepewa namba ya kwanza kwenye mchoro, kabla ya parseli yoyote kuuzwa.

Sheria ya kulilinda eneo hilo ipo. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inaweka katika milki ya umma ya Dola kila ardhi iliyotengwa kwa huduma ya umma, na ardhi ya namna hiyo haigawiwi mtu mpaka iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Udhaifu uko kwenye neno "iliyotengwa". Kiwanja cha shule kisicho na hati humegwa polepole: leo kibanda pembeni, kesho ukuta. Nairobi, Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa mabomu ya machozi walipopinga ukuta uliozingira uwanja wao wa michezo. Kwa hiyo hati ya shule itolewe kwanza, na hati za parseli zifuate.

Wako watakaosema huu ni upangaji wa kikoloni uliorudi. Ni kweli kwamba Ofisi ya Makazi ya Waafrika, iliyoundwa 1952 na kufanya kazi hata Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo, ilipanga mitaa yake pamoja na shule, soko na zahanati. Mitaa hiyo ilitenganishwa na mji wa Wazungu, na hilo halina utetezi. Lakini kiwanja cha shule ndani ya mtaa hakikuwa sehemu ya dhuluma hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la machifu. Sheria hiyo ya ardhi ya 1973 iliahidi ordonansi ya Rais ya kusimamia haki za jamii juu ya ardhi zao, na kwa miongo mingi ordonansi hiyo haikutolewa. Chifu wa pembezoni mwa mji anauza kwa sababu hajui kama kesho atatambuliwa, na kumtaka aache ardhi ya shule bure ni kumtaka aamini Dola isiyotimiza ahadi yake kwake. Hapo ndipo mkoa unapaswa kuanza: upime kwa gharama yake, uandike haki ya jamii ya chifu kwenye mchoro uleule unaobeba kiwanja cha shule, na mchoro huo utiwe saini na pande zote mbili siku moja.