Tenda za serikali kwa vikundi: fanyeni hesabu kabla ya kuomba

Swali hili linarudi kila tunapozungumzia biashara hewani: je, kikundi cha wakulima wa Mgeta, Matombo au Kinole kinaweza kupata tenda ya serikali, au zile ni za wenye kampuni za mjini? Kinaweza, na kuna sehemu iliyotengwa kwa ajili yake. Ila ipo hesabu moja ambayo vikundi vingi huifanya baada ya kushinda tenda, na wakati huo inakuwa imechelewa.

Kwanza sheria. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011. Kanuni za mwaka huohuo zikazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya thamani ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sasa inatumika Sheria Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza Juni 2024, na makundi hayo bado yamo. Unaposikia taasisi ya umma usifikirie halmashauri peke yake. Shule za serikali za bweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, magereza, TARURA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu Mzumbe zote hununua vitu na huduma: maharage, mboga, madawati, usafi, kufyeka nyasi kandokando ya barabara.

Siku hizi zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST (nest.go.tz), unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Ulichukua nafasi ya mfumo wa TANePS mwaka 2023. Kikundi maalumu hutambuliwa kupitia taasisi inayokilea, ambayo kwa vijijini mara nyingi ni halmashauri, kwa hiyo pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Nendeni mkiwa na katiba ya kikundi, cheti cha usajili, namba ya mlipakodi (TIN) na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Kama mnasaidiwa na kijana wa stationery kujaza, sawa, lakini barua pepe na nywila ziwe za kikundi. Akishika yeye, taarifa zenu zote za tenda ziko mikononi mwake.

Sasa hesabu. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Shule ya bweni inataka kilo 400 za maharage kila mwezi. Kikundi kimeandika shilingi 2,500 kwa kilo, kwa hiyo malipo ya mwezi ni 1,000,000. Wanachama wanalipwa 2,000 kwa kilo, jumla 800,000. Magunia na usafiri kutoka Nyandira hadi mjini ni 100,000. Faida ni 100,000. Inapendeza.

Lakini malipo ya bidhaa zinazouzwa serikalini hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2. Hapo 20,000 inabaki TRA, na mkononi mnabaki na faida ya 80,000. Ombeni cheti cha makato hayo na mkitunze, kwa sababu huhesabiwa kwenye kodi yenu ya mwaka.

Kuna jambo zito zaidi. Tuseme malipo yanachelewa miezi mitatu. Kikundi kitakuwa kimetoa 900,000 mara tatu, yaani 2,700,000, kabla ya kuona shilingi moja. Wanachama waliotoa maharage yao wanataka ada za watoto, mwenye gari anataka chake, na shule inasubiri mzigo wa mwezi wa nne. Wakati huohuo bei ya shambani ikipanda kutoka 2,000 hadi 2,300, mnaongeza 120,000 kwa mwezi huku bei ya mkataba ni ileile. Faida imekwisha na mmeanza kula mtaji. Kwa maoni yetu, vikundi vingi vinaogopa ushindani wa bei kuliko inavyostahili, na kuchelewa kwa malipo wanakuogopa kidogo mno.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba, ulizeni waliowahi kuiuzia taasisi hiyo walilipwa baada ya muda gani. Pangeni bei kwa kufikiria mwezi ambao maharage yanaadimika, na mwezi wa masika ambapo barabara ya Sangasanga kwenda Langali inateleza na nauli ya mzigo inapanda. Tenda ikizidi uwezo wenu iacheni, ombeni ndogo. Mtaji unaweza kutoka kwenye mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), lakini mkopo nao una tarehe ya kurejesha, na tarehe hiyo haingoji shule ilipe.

Msipeleke mzigo kwa maneno ya simu, hata kama anayepiga ni mtu mnayemfahamu. Subirini oda ya maandishi, na mkikabidhi mzigo mwondoke na karatasi ya mapokezi yenye sahihi. Bila hizo hamna la kudai.

Mkikosa tenda na mkaona utaratibu umekiukwa, lalamikeni kwa maandishi kwa afisa masuuli wa taasisi husika. Siku za kufanya hivyo ni chache, hivyo fungueni NeST mara kwa mara baada ya zabuni kufungwa. Anayewaomba chochote ili awapitishe, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113, bila malipo.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na kila taasisi huandaa mpango wake wa manunuzi wa mwaka. Kikundi kinachokwenda kuuliza Mei au Juni kinapata muda wa kutafuta mtaji na kupanda kinachohitajika.