Sura za Mashujaa, Kutoka Edo Hadi Mpaka wa Kaskazini

Mwishoni mwa mwaka 1942, katika boma la Garissa, ambalo zama zile lilikuwa kituo kidogo cha serikali ukingoni mwa mto Tana, bibi mmoja mzaliwa wa Troppau, Joy Bally, alikutana na bwana nyama George Adamson, aliyekuja kuwa mumewe. Na ijapokuwa walimwengu humkumbuka bibi huyo kwa simba wake Elsa, mimi naona amali yake iliyo tukufu zaidi ni ile aliyokabidhiwa na serikali ya kikoloni mwaka 1949, ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya, wazee, maharusi na mashujaa, katika mavazi ya jadi kabla hayajatoweka.

Picha zile hunikumbusha mafundi wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, waliochapa sura za waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, waliovalia kishujaa: mmoja alichora, wa pili akachonga vibao vya mti wa cheri, aghalabu kila rangi na kibao chake, na wa tatu akachapa. Itazame sura ya mwigizaji Danjūrō katika mchezo wa Shibaraku, ulioanza mwaka 1697: uso mweupe uliopigwa mistari myekundu, upanga mrefu kupita kiasi, na joho la hudhurungi lenye mikono mipana kama tanga la jahazi, lililotiwa miraba mitatu iliyomo ndani kwa ndani, alama ya ukoo wake. Mnunuzi alijua barabara ya kuwa huyo ni mwigizaji aliyeazima ushujaa wa karne zilizopita, wala hilo halikumpunguzia ladha.

Mashujaa wa kaskazini nao, Warendille, Wasamburu na Waturkana wenye nywele zilizokandikwa udongo na kuchomekwa manyoya ya mbuni, walikaa tuli mbele ya bibi mgeni, wakiwa wamebeba juu ya miili yao fahari ya baba zao. Lakini liko jambo liniumalo: picha zao nyingi hutambulishwa kwa kabila na cheo, ilhali jina la mwigizaji wa Edo mara nyingi lilichapwa kando ya uso wake. Na hata mwaka 1842, serikali ya Japani ilipopiga marufuku picha za waigizaji, wachapaji wakaja kuzitoa bila majina, wanunuzi waliwatambua kwa pua na macho. Picha za Joy zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Natamani wazee wetu, wangali hai, wapitishwe mbele ya picha hizo mmoja baada ya mmoja, watuambie huyu ni baba wa nani.