Mjusi ndevu "haipo": rangi ipo, ila imepungua

Leo nawaletea mjusi ndevu wa Australia, kisayansi Pogona vitticeps. Huyu jamaa anafugwa sana majumbani Marekani na Ulaya. Jina kalipata kwa miiba ya kidevuni: akitishwa anavimbisha koo na linageuka jeusi kama ndevu.

Weusi huo unatokana na melanini, ile ile iliyo kwenye ngozi na nywele zetu. Sasa kuna mijusi inayozaliwa na melanini pungufu. Wafugaji wanaiita kwa kifupi "haipo", kwa matamshi ya Kiingereza. Jina lisikuchanganye mswahili mwenzangu: rangi ipo, ila imepungua. Njano na chungwa ndiyo inang'aa zaidi. Wala sio albino, macho yake ni ya kawaida.

Inatokeaje? Ni jeni. Mtoto lazima airithi kwa baba na kwa mama. Akiipata upande mmoja tu, anaonekana wa kawaida lakini kaibeba. Ukipandisha wawili walioibeba, kwa wastani katika kila watoto 4, mmoja ni haipo, 2 wanaibeba, mmoja hana kabisa.

Hapo ndipo pa kuibiwa. Mjusi yeyote hupauka akipata joto kali, na huwa mweusi akiwa na baridi ili avute jua. Kwa hiyo picha iliyopigwa chini ya taa kali inaweza kumfanya wa kawaida aonekane haipo. Mnunuzi mjanja anaangalia kucha. Wa kawaida zina mstari mweusi, za haipo ni angavu zote. Ila yule aliyeibeba tu huwezi kumjua kwa macho, unabaki na neno la muuzaji.

Kingine, Australia hairuhusu kuuza nje mijusi yake hai kibiashara. Wanaofugwa nje wanazalishwa huko huko, na anayekimbilia rangi anashawishika kupandisha ndugu kwa ndugu. Magonjwa ya kurithi yanapata njia hapo hapo.

Msimamo wangu: rangi isitangulie afya. Haipo naye anahitaji joto, wadudu, majani na taa ya miale ya UVB kama wenzake, la sivyo mifupa inalegea. Anayelipia rangi aulize kwanza wazazi ni nani.

Naomba kutoa hoja.