Hike Rahisi: Kutoka Awasi Hadi Nyando Inapoingia Ziwani

Uko Awasi na wikendi haina form? Panda mathree mpaka Ahero, halafu boda uelekee upande wa ziwa hadi malisho yaanze. Hapo shuka utembee. Mto Nyando hutoka Nandi, hukata Kano na kumwaga maji Ghuba ya Winam. Hakuna mlima: fuata njia za ng'ombe mpaka kwa mafunjo, yale Wajaluo huita togo.

Lakini chunga mambo mawili. Mvua ndefu, Machi hadi Mei, mto hufurika na malisho hugeuka maji. Pia kiboko, ama rao, hutoka jioni kula nyasi. Salimia wachungaji, uliza leo wameonekana wapi. Saa kumi geuka urudi. Ziwa halihami.